Sura ya Tano: Ndala Inayobaki Nyuma

Alfajiri ya Mbagala, kabla wapiga debe wa Rangi Tatu hawajapasha koo, kinachosikika ni miguu. Raba za vijana wanaowahi viwandani hazina sauti mchangani. Viatu vya shule vinakwaruza. Ndala ndizo zenye maneno: chapa, chapa, chapa, mpaka lami inapoanza na mlio unabadilika kuwa mkavu zaidi. Ukikaa mtaa mmoja muda mrefu, unaanza kuwajua watu kwa mlio kabla sura hazijatokea kwenye giza.

Bibi mmoja wa Charambe, ambaye nimenunua vitumbua vyake kwa miaka, nilikuwa namjua hivyo. Mlio wake ulikuwa chapa moja na mburuto mmoja, chapa na mburuto, kisha kimya. Kimya hicho kilimaanisha kwamba ndala ya kushoto imebaki nyuma na yeye ametangulia. Mjukuu wake, mtoto wa darasa la tatu anayembebea ndoo ya unga, angepaza sauti, "Bibi, ndala!" Naye angeangalia chini kwa mshangao wa kweli, kama mtu aliyeambiwa kofia yake imechukuliwa na upepo. Alikuwa amepiga hatua tatu nne peku bila kujua.

Lawama zote zilikwenda kwa ndala. Za siku hizi mpira wake mwepesi, alisema, hazina uzito wa kukaa mguuni. Akanunua nyingine, na nyingine tena. Jozi ya nne ilipoanza tabia ile ile, nilimwamkia, nikapokea vitumbua vyangu, nikamwambia, "Bibi, hizi ndala hazina kosa."

"Kosa la nani, mwanangu?"

"La vidole."

Akacheka hadi akashika kiuno. Vidole! Sura hii imetokana na kicheko kile, kwa sababu sikuwa na jibu fupi la kumpa.

Ndala haina mkanda wa nyuma wala kamba ya kufunga. Inashikwa na kipande kile kinachopita kati ya kidole gumba na kidole cha pili, na kwa kila hatua vidole vinajikunja kidogo kuizuia isichomoke mguu unapoinuka. Anayeivaa hajui kwamba anafanya hivyo. Ni kazi ndogo inayorudiwa maelfu ya mara kwa siku, kutoka nyumbani hadi kituoni, kutoka kituoni hadi sokoni, na tunaitambua siku inapokoma.

Mguu una mifupa 26 kuanzia kifundo kushuka chini, na 14 kati ya hiyo, zaidi ya nusu, imo kwenye vidole: miwili katika kidole gumba, mitatu katika kila kimoja cha vingine vinne. Mwili hautumii mifupa 14 kwa pambo. Misuli inayoiendesha ni ya aina mbili. Ipo mirefu, ambayo nyama yake iko juu kwenye shavu la mguu na kano zake zinashuka kupita kifundoni kama kamba za tanga. Na ipo mifupi, iliyojificha ndani ya unyayo wenyewe, imepangwa tabaka 4 moja juu ya jingine, kutoka kwenye ngozi hadi mfupani. Hii mifupi ndiyo mada yetu. Hakuna anayeiona kwenye kioo, na katika jimu za Sinza na Mikocheni sijakuta mtu anayejipiga picha akiionyesha.

Inafanya nini mtu anapotembea? Kisigino kinatua kwanza, uzito unasafiri kwenye unyayo kuelekea mbele, kisigino kinainuka, na mwisho kabisa vidole, hasa gumba, vinaiaga ardhi. Vipimo vilivyochapishwa Uingereza mwaka 1990 vilionyesha kwamba vidole hugusa ardhi karibu robo tatu ya muda ambao mguu uko chini. Kwa hiyo wanaodhani vidole ni mapambo ya mwisho wa hatua wamekosea hesabu. Viko kazini karibu hatua nzima, na katika ile sehemu ya mwisho viko peke yao.

Nenda ufukwe wa Kunduchi asubuhi maji yakiwa yametoka, utazame mvuvi akiisogeza ngalawa kwa upondo. Anauchomeka chini, anausukuma, chombo kinakwenda. Nguvu ni ya mikono na mgongo wake, lakini chombo kinakwenda kwa sababu chini ya upondo kuna mchanga mgumu unaokataa. Pakiwa na tope, upondo unazama, mvuvi anatoa jasho lile lile na ngalawa inasita. Shavu la mguu ndilo mvuvi. Vidole na misuli ya unyayo ndiyo ule mchanga unaokataa. Visipokaza, nguvu ya shavu inapotelea kwenye ulaini.

Mfano huu wa upondo ni wangu, ila jambo lenyewe limepimwa. Mwaka 2019 watafiti wa Australia na Uingereza, Dominic Farris na wenzake, waliwatia watu ganzi kwenye mshipa wa fahamu unaoiamrisha misuli mifupi ya unyayo, kisha wakawatembeza na kuwakimbiza. Wengi wangetarajia upinde wa unyayo uporomoke, maana vitabu vya zamani viliipa misuli hii kazi ya kuubeba. Upinde haukuporomoka. Kilichoharibika ni msukumo wa mwisho: viungo vya mbele ya mguu havikukaza vya kutosha, na nyonga ikalazimika kufidia. Nilipousoma utafiti ule nilimkumbuka bibi wa Charambe, ambaye kila jioni hulalamikia nyonga na hakuna siku aliyolalamikia kidole.

Upinde wenyewe una msaidizi mwingine. Chini ya ngozi ya unyayo kuna utando mgumu unaotoka kisigino hadi mashina ya vidole. Kaa chini sasa hivi, shika kidole gumba chako kwa mkono, kiinue juu. Utaona upinde wa unyayo unapanda wenyewe. Mwaka 1954 tabibu Mwingereza, John Hicks, aliufananisha mpango huu na mtambo wa melini wa kuzungusha kamba ya nanga: kidole kikiinuka, utando unajiviringisha kwenye shina lake, unakazika, na mguu uliokuwa laini wakati wa kutua unakuwa wenzo mgumu wakati wa kuondoka. Kisigino kikiinuka nyuma yako njiani, hilo hilo linatokea, bila mkono.

Ushahidi wa zamani sana wa mwendo huu uko nchini kwetu. Laetoli, kusini mwa Olduvai, mwaka 1978 timu ya Mary Leakey ilifukua nyayo zilizokanyagwa kwenye majivu ya volkano yapata miaka milioni 3.7 iliyopita. Katika nyayo zile kidole gumba kimelala sambamba na wenzake, hakikutanuka pembeni kama cha sokwe anayeshikilia tawi. Nyingine zilipatikana jirani na hapo, na mwaka 2016 zikatangazwa na timu iliyokuwa na Fidelis Masao na Elgidius Ichumbaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Huko Engare Sero, karibu na Ziwa Natron, kuna nyingine zaidi ya 400, changa kwa kulinganisha, za binadamu kama sisi. Waliozichambua wanaamini kundi mojawapo lililotembea pamoja lilikuwa la wanawake karibu wote. Siwezi kuziangalia picha zake bila kuwaona akina mama wa Toangoma wakienda sokoni kwa msafara, mmoja akisimulia na wengine wakicheka.

Sasa nifike kwenye swali linalouzwa sana siku hizi kwenye simu: ukiimarisha vidole, utatembea vizuri zaidi? Hapa wauzaji wa mazoezi wana haraka kuliko ushahidi.

Misuli yenyewe inaimarika, tena upesi. Huko Köln, Ujerumani, vijana waliofanyishwa mazoezi mazito ya kukunja vidole kwa wiki 7 waliongeza nguvu ya vidole kwa zaidi ya nusu. Wakaruka mbali zaidi kwenda mbele. Lakini walipopimwa wakitembea, mwendo wao ulikuwa ule ule. Matokeo haya yaliyochapishwa mwaka 2013 huwa hayatajwi na wanaouza soksi za vidole, nami nayapenda kwa sababu hiyo hiyo. Kijana mwenye afya kwenye sakafu tambarare ya maabara hahitaji akiba. Anatembea na alichonacho na kinamtosha. Mwendo wa kawaida hautumii nguvu yote ya vidole, kama ambavyo daladala lililobaki na abiria sita halitumii nguvu yote ya injini.

Tofauti inaonekana penye dharura. Australia, wazee 312 wenye umri wa kuzidi miaka 60 walipimwa nguvu za vidole, kisha wakafuatiliwa mwaka mzima kuona nani ataanguka. Zaidi ya mmoja katika kila watatu alianguka, na walioanguka walikuwa na vidole dhaifu kuliko waliobaki wima. Waliokuwa na vidole vilivyopinda walikuwa hatarini zaidi. Utafiti huo wa Karen Mickle na wenzake, wa mwaka 2009, haukuhitaji mtu atembee kwa madaha. Uliuliza kama atabaki wima. Na wakimbiaji wa São Paulo walioelekezwa mazoezi ya unyayo na kifundo waliumia mara chache kuliko wenzao: katika mwaka mmoja, wasiofanya walikuwa na uwezekano wa kuumia mara 2.42 ya waliofanya.

Kwa hiyo jibu langu ni kwamba vidole vyenye nguvu havikuongezei mwendo, vinakuongezea muda. Ukikanyaga ukingo wa mtaro wa Tandale uliomomonyoka, ukikanyaga ngazi ya daladala ambayo konda ameshaigongea, mwili unatangulia mbele kuliko miguu. Kisigino hapo hakina msaada, kimeshaachwa. Vidole vinakandamiza chini, vinausimamisha uzito ukingoni kwa kitambo kifupi sana, na mguu wa pili unapata nafasi ya kufika. Waswahili husema kujikwaa si kuanguka bali ni kwenda mbele. Ningeongeza tu kwamba inategemea vidole.

Na Dar es Salaam ya pembezoni ni mji wa kujikwaa. Watu wengi wa Chamazi, Yombo, Bunju na Boko huanza na kumaliza safari kwa miguu hata kama katikati kuna basi, na ardhi haifanani kwa mita mia. Mbagala ni mchanga, mwekundu sehemu nyingine, mweupe kwingine, mlaini kiasi kwamba bajaji hukwama kiangazi. Ukielekea Kunduchi na Wazo unakanyaga mawe ya matumbawe yaliyochomoza kama meno. Mvua za masika zikija, sehemu za Boko na bonde la Msimbazi zinakuwa utelezi mtupu, na mtu anavuka kwa matofali yaliyopangwa na mwenye huruma.

Mchanga ni mwalimu mkali. Watafiti wa Ubelgiji walipima mwaka 1998 wakakuta kwamba kutembea mchangani hugharimu nguvu mara 2.1 hadi 2.7 ya kutembea penye ugumu kwa mwendo ule ule. Sehemu ya gharama hiyo inalipwa chini kabisa, kwa vidole vinavyotafuta pa kukamata na kukuta panahama. Mtoto anayecheza chandimu peku jioni nyuma ya soko la Tandika anafanya mazoezi ambayo kijana wa Köln alilazimika kufungiwa mashine. Hivyo hivyo mchezaji wa mdundiko. Ukiutazama mdundiko wa Wazaramo unapopita mtaani, macho yote yako kiunoni, na sikulaumu, lakini angalia chini mara moja: miguu haiinuki sana, inasugua, vidole vinachimba na kuachia, vinachimba na kuachia, kilomita mbili hadi nyumba ya harusi.

Liverpool wamelipima jambo hili kwa njia yao. Watu wazima waliovaa viatu vyepesi vyenye soli nyembamba kwa miezi 6, wakiendelea na maisha yao ya kila siku tu, waliongeza nguvu za miguu kwa wastani wa asilimia 57. Hakuna aliyewapangia jimu. Mtaalamu akiniambia hayo ni maendeleo, namwonyesha makatambuga ya matairi pale Tandika, jozi ya bei ya chipsi, soli isiyo na mto wowote. Ingawa haki isemwe: makatambuga ni magumu kukunjika, na ndala nayo ina kasoro zake. Inamfanya mvaaji afupishe hatua, haishiki kisigino, na kwenye utelezi ni adui. Sisemi tuvue wote viatu. Misumari, chupa na funza viliwafundisha wazazi wetu kuvivaa.

Kinachonisumbua zaidi ni kiatu cha shule. Kile cheusi kigumu, kilichonunuliwa kikubwa ili kidumu, kinavaliwa miaka miwili hadi kinabana, kisha kinarithiwa na mdogo. Mwaka wa kwanza vidole vinaelea ndani, mwaka wa pili vinabanwa. Na baada ya shule anakuja bodaboda. Zamani kutoka barabara ya lami hadi nyumbani Mbande ulikuwa mwendo wa dakika 20. Leo ni shilingi kadhaa na upepo usoni. Simlaumu anayepanda. Nimepanda jana.

Nirudi kwa bibi. Nilipomwambia ni vidole nilikuwa nakisia nusu tu. Nusu ya pili ilipatikana hospitali, alipokwenda kwa kiu isiyoisha na kurudi na jina: kisukari. Muuguzi alimwambia afumbe macho, akamgusa nyayo kwa uzi mwembamba wa plastiki sehemu mbalimbali, akamwuliza anaguswa wapi. Mguu wa kulia alijibu baadhi. Wa kushoto alikuwa bado anasubiri kuguswa wakati muuguzi ameshamaliza.

Kisukari kisichodhibitiwa huiua mishipa ya fahamu kuanzia ile mirefu zaidi, na mirefu zaidi ndiyo inayofika vidoleni. Hisia zinaondoka, na pamoja nazo amri za ile misuli mifupi. Misuli mirefu ya shavuni, ambayo bado inapata amri, inabaki kuvuta bila wa kuisawazisha, na vidole vinajikunja kama makucha ya kunguru aliyekamata waya. Ndala ikiteleza, hakuna wa kuikamata wala wa kutoa taarifa. Madaktari wa kisukari wanaijua dalili hii, na huuliza: je, ndala hukutoka bila kujua?

Daktari wa Dar es Salaam Zulfiqarali Abbas, ambaye ameandika mengi kuhusu miguu ya wagonjwa hawa, alichapisha na wenzake mwaka 2005 habari za wagonjwa wa kisukari walioumwa na panya miguuni usiku wakiwa usingizini. Tangu utoto tunaambiwa panya huuma huku akipuliza, ndiyo maana mtu haamki. Kwa wagonjwa hawa panya hahitaji kupuliza.

Ndiyo maana habari ya mchanga na kutembea peku haimhusu bibi hata kidogo, na yeyote atakayemwambia mwenye ganzi miguuni avue viatu akaimarishe vidole ufukweni anamtakia kidonda. Aliambiwa aache ndala, avae viatu vya wazi vyenye mkanda nyuma ya kisigino, akung'ute kiatu kabla ya kuvaa, na kila usiku aangalie nyayo zake. Hawezi kuinama kiasi hicho, kwa hiyo kioo cha kunyolea cha marehemu mumewe kiko sakafuni kando ya kitanda.

Mazoezi alipewa pia, ya kukaa. Anaketi kitini sebuleni, miguu juu ya mkeka uliokwisha kupanguswa. Kwanza anatanua vidole, vyote, kama mtu anayetaka kuhesabiwa. Kisha anajaribu kuinua gumba peke yake huku vingine vikibaki chini, zoezi ambalo mimi mwenyewe nilishindwa mguu wa kulia na mjukuu akanicheka. Kisha anatandaza khanga kuukuu na kuivuta kwa vidole hadi yote ijikusanye chini ya unyayo. Mwisho ni vizibo vya soda, vilivyogongwa kingo zisimkate: anaokota kwa vidole, anadondosha kwenye kopo. Muuguzi hakumwahidi kwamba hisia zitarudi, na hazijarudi. Alimwambia misuli iliyobaki hai ifanyishwe kazi, na kwamba akihisi kuyumba ashike meza.

Mjukuu ndiye aliyegeuza jambo hili kuwa mashindano. Yeye anaokota kwa mguu wowote, hata akiwa anatazama katuni, vizibo 20 kabla bibi hajafika vitano, na kila mara anadai zawadi ya kitumbua. Wiki iliyopita nilipita alfajiri, bado giza. Sikumsikia bibi mpaka nilipokuwa karibu naye, kwa kuwa viatu vipya havina sauti mchangani. Nikamwamkia.

"Marahaba, mwanangu. Jana saba."

"Saba, bibi?"

"Saba. Kimoja usikihesabu, kilinata."

Akanifungia vitumbua kwenye gazeti, mjukuu akabeba ndoo, wakakata kona ya msikiti wakielekea lami.